Habari za Asidi ya Tumbo na Dawa Zake

Ndani ya mwili wa kila mtu mna mfuko wenye maji makali kuliko siki na ndimu. Mfuko huo ndio upokeao chakula baada ya kumezwa, na maji hayo huitwa asidi ya tumbo. Ukali wake ni wa kustaajabisha, maana yaweza kula hata chuma polepole. Walakini mfuko wenyewe ni nyama, kama nyama tununuayo buchani, na nyama ya buchani ikiingia humo huyeyuka kwa saa chache. Hii ndiyo ajabu ya kwanza ya tumbo, kwamba layeyusha nyama ya ng'ombe bila kujiyeyusha lenyewe. Kinacholilinda ni ute mzito uliotanda ukutani mwake kwa ndani. Ute huo ukitoboka, asidi huifikia nyama, na mahali hapo hufanya kidonda. Kidonda chaweza kutokea katika mfuko wenyewe, au mbele yake kidogo, pale utumbo mdogo unapoanza.

Maumivu yake wanayajua walioyapata. Huja kama moto chini ya kifua, mara nyingi usiku wa manane tumbo likiwa tupu. Hutulia kwa muda, kisha hurudi. Kidonda kikichimba hata kuufikia mshipa wa damu, mgonjwa hutapika damu. Na kikiutoboa ukuta wote, yaliyomo humwagika ndani ya mwili, naye asipopasuliwa upesi hufa.

Habari ninayotaka kuwasimulia wanafunzi katika insha hii ni habari ya vita baina ya watu na asidi hiyo. Ni habari ya miaka 200 hivi, na ndani yake mna jambo lisilo la kawaida katika historia ya uganga. Kila kizazi kilipata dawa bora kuliko ya kizazi kilichotangulia, na kila dawa ilifanya kazi kweli. Hata hivyo ugonjwa haukuondoka. Sababu yake ni kwamba aliyekuwa akipigwa siku zote hakuwa yeye aliyeanzisha ugomvi.

Kiungulia ni cha kale kama chakula chenyewe, na watu waligundua mapema ya kuwa vitu vya jamii ya chokaa hukituliza. Walisaga chaki, walisaga makombe ya baharini, wakanywa unga wake katika maji. Wauza dawa wa Ulaya waliuza vijiwe vidogo vyeupe wakiviita macho ya kaa. Havikuwa macho, wala havikutoka kwa kaa. Ni mawe yanayokua ndani ya tumbo la aina ya kamba wa mitoni, na kwa asili yake si kitu ila chokaa. Lakini jina la ajabu huuza dawa, zamani hata leo.

Dawa nyingine ilikuwa ya jamii ya magadi. Wapishi wetu hutia magadi katika maharagwe na mahindi yapate kulainika upesi, na magadi hayo huchimbwa katika Ziwa Magadi, kusini ya Nairobi. Ndani yake mna chumvi mbili za sodiamu, yaani kabonati na baikabonati. Hiyo ya pili ikiwa safi ndiyo itiwayo katika keki ipate kufura, na ndiyo iliyokuwa dawa ya kiungulia katika nyumba nyingi za Ulaya na Marekani. Asidi ikikutana na baikabonati, hutokea vitu vitatu: chumvi kama ile ya mezani, maji, na hewa ya kaboni dioksaidi. Hewa hiyo ndiyo imfanyayo mtu apige mbweu, naye hudhani ya kuwa ugonjwa umemtoka kwa kinywa. Umetulia tu. Tumbo hutengeneza asidi nyingine, na baada ya muda kidogo moto ni ule ule.

Watu walikunywa dawa hizo pasipo kujua hasa zapigana na kitu gani. Wako wataalamu waliofikiri ya kuwa tumbo husaga chakula kama jiwe la kusagia, na wako waliofikiri ya kuwa hukichachusha kama pombe. Mwezi wa Desemba mwaka wa 1823, daktari Mwingereza jina lake William Prout aliwaeleza wanachuoni wa London ya kuwa amepima maji yaliyomo tumboni mwa wanyama mbalimbali, akayakuta yana asidi ya hidrokloriki. Wengi waliona shida kusadiki. Asidi hiyo ni ya chupa za maabara. Nani angefikiri ya kuwa sungura anayo tumboni mwake?

Wakati huo huo, mbali sana na London, lilikuwa limetokea jambo lililompa mwanadamu dirisha la kutazama ndani ya tumbo la mtu aliye hai. Tarehe 6 Juni 1822, katika kisiwa cha Mackinac kaskazini ya Marekani, kijana mmoja Mkanada, Alexis St. Martin, mchukuzi katika biashara ya ngozi za wanyama, alipigwa risasi kwa bahati mbaya dukani. Bunduki ilikuwa na marisau, nayo ililipuka karibu naye kabisa. Ubavu wake ulipasuka na tumbo likatoboka. Daktari wa jeshi aliyekuwako, William Beaumont, alimtibu akidhani ya kuwa hatapona. Akapona, lakini tundu halikuziba. Kingo zake zilishikamana na ngozi ya ubavu, likabaki wazi kama mlango mdogo.

Mwaka wa 1825 Beaumont alianza kuutumia mlango huo. Alifunga vipande vya nyama, mkate na kabichi kwa uzi wa hariri, akavitia ndani ya tumbo la St. Martin kwa lile tundu, na baada ya kila saa akavivuta kuvitazama. Aliteka maji ya tumboni akayatia chupani pamoja na nyama, akayaweka penye joto kama la mwili, na nyama ikayeyuka chupani kama iyeyukavyo tumboni. Hivyo alionyesha ya kuwa kazi ile si ya kusaga wala ya kuchacha, bali ni ya maji yenyewe. Aliona pia ya kuwa mtu akikasirika au akishikwa na homa, tumbo lake hubadilika rangi. Majaribio yake 238 aliyaandika katika kitabu kilichotoka mwaka wa 1833.

Beaumont husifiwa katika vitabu, na sifa hizo zamstahiki. Lakini mimi nikiwafundisha wanafunzi wangu habari hii huwaomba wasimsahau mtu mwenye tumbo. St. Martin alikuwa maskini asiyejua kusoma. Alitia alama yake katika mkataba wa dola 150 kwa mwaka, pamoja na chakula na malazi, ili tundu lake litumiwe. Mara kadhaa alichoka akarudi kwao Kanada, na Beaumont akawa akimwandikia na kumbembeleza arudi. Aliishi hata mwaka wa 1880, miaka 27 baada ya daktari wake kufa. Alipofariki, jamaa zake waliuacha mwili ukaanza kuoza kabla ya kuuzika, tena wakauzika katika kaburi la kina kirefu, ili madaktari wasipate kuuiba. Bila shaka walikuwa wameona ya kutosha.

Basi asidi ikajulikana. Na kitu kikijulikana, ni rahisi kukilaumu. Mwaka wa 1910 daktari Karl Schwarz wa Zagreb alitoa kauli iliyokaririwa katika vyuo vya uganga kwa miaka zaidi ya 70, kwamba pasipo asidi hapana kidonda. Kauli hiyo ilikuwa na ukweli ndani yake. Asidi ndiyo inayoila nyama. Ikizuiwa, kidonda hupona. Lakini watu waliisoma kama kwamba imesema pia ya kuwa asidi ndiyo chanzo, na kwamba hapana haja ya kutafuta kingine. Walipoulizwa kwa nini mtu huyu ana kidonda na ndugu yake hana, walijibu ya kuwa huyu ana wasiwasi mwingi, au hukasirika upesi, au hula pilipili. Mgonjwa akawa anabeba maradhi, na juu ya maradhi lawama ya tabia yake.

Dawa za wakati huo zilikuwa za kuipoza asidi baada ya kutoka. Mwaka wa 1873 Charles Phillips, muuza dawa wa Marekani, alipata hati ya kumiliki dawa nyeupe ya magnesia iliyoonekana kama maziwa, nayo ikaenea duniani. Magnesia ina ila yake: huendesha tumbo. Dawa za aluminiamu nazo hufunga choo. Ndiyo maana watengenezaji wa baadaye walizichanganya hizo mbili katika chupa moja, kasoro ya hii ikaziba kasoro ya ile. Chupa za namna hiyo zingali zauzwa katika maduka yetu ya dawa.

Lakini dawa iliyotawala ilikuwa ile ya Bertram Sippy wa Chicago, aliyoieleza mwaka wa 1915. Mgonjwa alilazwa kitandani, akanyweshwa maziwa na malai kila saa tangu asubuhi hata jioni, na katikati ya saa hizo akapewa unga wa baikabonati, magnesia na chokaa. Siku zikapita, majuma yakapita, naye yu maziwa tu. Wengi walipata nafuu. Baadhi yao waliokunywa maziwa na unga kupita kiasi chokaa ilizidi katika damu, figo zao zikaharibika. Hata hivyo kwa miaka mingi hospitali ziliendelea na njia hiyo, kwa kuwa iliyo bora haikuwapo ila kisu.

Naam, kisu kilikuwapo. Mwaka wa 1881 Theodor Billroth wa Vienna alikata sehemu ya tumbo la mwanamke mwenye saratani, akaunga iliyobaki, na mgonjwa akaamka. Kabla ya mwaka huo kwisha, upasuaji wa namna hiyo ulifanywa kwa ajili ya kidonda. Mawazo ya wapasuaji yalikuwa rahisi: ikiwa asidi ndiyo mbaya, na itoke ile nyama inayoitengeneza. Mwaka wa 1943 Lester Dragstedt wa Chicago alianza kukata mishipa ya fahamu inayoteremka kutoka kichwani hata tumboni, ile inayoliamuru tumbo kutoa asidi mtu anaponusa au kuwaza chakula. Watu wengi mno katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, na baadaye, waliishi na nusu ya tumbo. Hawakuweza kula sahani nzima. Wengine wakila tu walitokwa na jasho na moyo ukawapiga, kwa sababu chakula kilishuka utumboni chote kwa mara moja. Wengine hawakuamka baada ya kupasuliwa. Msomaji na awakumbuke hao tufikapo katika sehemu ya mwisho ya habari hii.

Mlango mwingine ulifunguliwa na Mskoti mmoja, James Black. Ilikuwa imejulikana tangu mapema katika karne ya 20 ya kuwa mwili una kitu kiitwacho histamini, ambacho humfanya mtu apige chafya na ngozi yake iwashe, tena huliamuru tumbo kutoa asidi. Dawa za kuizuia histamini zilikuwapo. Zilizuia chafya vizuri, lakini hazikuizuia asidi hata kidogo. Wengi waliona kama kitendawili kisicho na jibu. Black aliwaza hivi: histamini ni kama ufunguo, na juu ya seli za mwili mna makufuli. Dawa zile ni funguo za bandia ziingiazo katika kufuli zisizunguke, zikalizuia ufunguo wa kweli usiingie. Ikiwa zaziba kufuli la pua na haziwezi kuziba la tumbo, basi makufuli hayo si ya namna moja, na yapasa kuchonga ufunguo mwingine wa bandia.

Mwaka wa 1964 alianza kazi hiyo pamoja na wenzake katika kampuni ya Smith Kline & French huko Welwyn Garden City, Uingereza. Walichukua umbo la histamini yenyewe, wakalibadilisha kidogo hapa, kidogo pale, wakajaribu, wakaanza tena. Katika miaka 4 ya kwanza walitengeneza vitu karibu 200, na hapana hata kimoja kilichofaa. Ni jambo la kustaajabisha kwamba kampuni ya biashara ilivumilia. Hatimaye walipata burimamidi, waliyoitangaza mwaka wa 1972. Ilizuia asidi, ila haikufaa kumezwa. Wakapata metiamidi, iliyofaa kumezwa, lakini chembe nyeupe za damu za wagonjwa wachache zilipungua kwa hatari. Wakaibadilisha sehemu iliyoshukiwa, wakapata simetidini. Mwezi wa Novemba 1976 ikaanza kuuzwa Uingereza kwa jina la Tagamet.

Tangu hapo wapasuaji wa vidonda walianza kukosa wagonjwa. Mtu ambaye miaka michache nyuma angekatwa tumbo, sasa alimeza vidonge, na katika majuma machache kidonda kikafunga. Simetidini ikawa dawa ya kwanza duniani kuuzwa kwa zaidi ya dola bilioni 1 katika mwaka mmoja. Kampuni nyingine ya Uingereza, Glaxo, ikatoa dawa ya jamii hiyo iitwayo ranitidini mwaka wa 1981, kwa jina la Zantac, nayo ikaipita ile ya kwanza kwa mauzo. Ranitidini iliheshimiwa kwa miaka karibu 40, hata ilipogunduliwa ya kuwa huweza kufanya ndani yake kitu kinachoshukiwa kuleta saratani. Mwezi wa Aprili 2020 serikali ya Marekani ikataka iondolewe madukani. Black mwenyewe alitunukiwa Nishani ya Nobel mwaka wa 1988.

Mwaka huo huo wa 1988 Waswidi walileta kitu kikali zaidi. Katika ukuta wa tumbo mna seli zenye pampu ndogo mno zinazosukuma asidi nje. Histamini ni mmoja tu wa mabwana wanaoziamuru. Ukimnyamazisha bwana mmoja, wako wengine. Wataalamu wa kampuni ya Hässle karibu na Göteborg waliona heri waizuie pampu yenyewe. Dawa yao, omeprazoli, iliyotengenezwa mara ya kwanza mwaka wa 1979, ina hila ambayo kila anayesoma kemia ataipenda. Humezwa ikiwa haina nguvu yoyote. Huvikwa ganda lisiharibiwe na asidi ikiwa njiani, hupita tumboni hata utumboni, huingia katika damu, kisha huzunguka hata ifike kwenye zile seli. Hapo ndipo ikutanapo na asidi ichuruzikayo kutoka katika pampu, na asidi hiyo ndiyo inayoigeuza kuwa dawa. Hujifunga katika pampu isiachie tena, na pampu hiyo haifanyi kazi mpaka mwili utengeneze nyingine. Yaani asidi hujitengenezea pingu zake yenyewe. Iliuzwa kwa jina la Losec, ila Marekani jina hilo lilibadilishwa likawa Prilosec, kwa kuwa wauza dawa walilichanganya na jina la dawa ya kupunguza maji mwilini. Mwandiko mbaya wa madaktari si ugonjwa wa hapa kwetu tu.

Sasa na tusimame kidogo tuhesabu. Kutoka chaki hadi omeprazoli ni safari kubwa, na hakuna aliyeifanya anayestahili kudharauliwa. Lakini palikuwa na jambo moja lililosumbua ambalo hata matangazo ya dawa hayakuweza kulificha. Mgonjwa akiacha kumeza, kidonda kilirudi. Kwa wengi kilirudi kabla mwaka haujaisha. Basi akaambiwa ameze daima. Kwa mwenye kuuza hilo lilikuwa jambo jema mno, maana mteja hakuondoka. Kwa mwenye kuugua lilikuwa kifungo.

Jibu lilikuwa limeonekana zamani, tena si mara moja. Mwaka wa 1893 Mwitalia Giulio Bizzozero aliona kwa hadubini vijidudu vilivyojipinda kama parafujo ndani ya tumbo la mbwa. Wengine baadaye waliviona tumboni mwa watu. Lakini mwaka wa 1954 daktari wa Marekani, Edmund Palmer, alichunguza vipande vya tumbo vya watu zaidi ya 1,000 asivione, na neno lake likachukuliwa kuwa la mwisho. Vitabu vikafundisha ya kuwa hakuna bakteria awezaye kukaa katika asidi ile. Huko Missolonghi, Ugiriki, daktari wa kawaida jina lake John Lykoudis alianza mwaka wa 1958 kuwatibu wagonjwa wa vidonda kwa dawa za kuua bakteria, nao wakapona. Wakubwa wa taaluma yake hawakumsikiliza. Mwaka wa 1968 walimtoza faini. Alifariki mwaka wa 1980, asijue kwamba mwaka mmoja kabla, upande wa pili wa dunia, mtu mwingine alikuwa amekwisha kuviona vijidudu hivyo tena.

Mtu huyo alikuwa Robin Warren, daktari wa Hospitali ya Royal Perth, Australia, ambaye kazi yake ilikuwa kutazama vipande vya nyama ya wagonjwa kwa hadubini. Mwezi wa Juni 1979 aliona mstari wa vijidudu juu ya ukuta wa tumbo uliovimba. Wenzake walimwambia havipo, au kama vipo havina maana. Aliendelea kuvihesabu. Mwaka wa 1981 akajiunga naye daktari kijana, Barry Marshall, nao wakapanga kuchunguza wagonjwa 100. Walijaribu kuvikuza vijidudu katika maabara wakashindwa mara nyingi, kwa sababu visahani vyao vilitupwa baada ya siku 2, kama ilivyo desturi. Pasaka ya mwaka wa 1982 ikafika, watu wakaenda likizo, visahani vikasahauliwa kwa siku 5. Waliporudi waliikuta mimea ya bakteria imeota. Kijidudu hiki hukua polepole tu. Na katika wale wagonjwa 100, wote 13 waliokuwa na kidonda mwanzoni mwa utumbo mdogo walikuwa nacho.

Namna kijidudu kinavyoishi motoni ilijulikana baadaye. Huchukua kitu kiitwacho urea, kilichomo mwilini, hukigeuza kuwa amonia, na amonia huipoza asidi iliyokizunguka. Kwa maneno mengine, bakteria huyu alikuwa akijitengenezea dawa ya kiungulia kabla Phillips na Sippy hawajazaliwa. Akiwa salama hivyo hujichimbia katika ule ute uulindao ukuta, akaudhoofisha, na asidi ikapata njia.

Wataalamu wengi hawakukubali. Vijidudu, walisema, vyaweza kuwa wageni tu walioingia baada ya kidonda kutokea. Marshall hakuweza kuthibitisha kwa wanyama, kwa kuwa nguruwe aliowajaribu hawakuugua. Basi mwaka wa 1984 alifanya jambo ambalo simshauri mwanafunzi yeyote kulifanya. Alijichunguza kwanza tumbo lake, likaonekana zima. Kisha akanywa kikombe kilichojaa bakteria waliotoka kwa mgonjwa, bila kumwambia mkewe. Haikupita juma akaanza kutapika asubuhi na pumzi yake ikanuka. Siku ya 10 tumbo lake lilichunguzwa tena, likakutwa limevimba na limejaa bakteria. Hakupata kidonda, na watu wa haki husema hivyo. Lakini alionyesha ya kuwa mgeni ndiye aliyekuja kwanza na ugonjwa ukamfuata.

Hata hapo miaka 10 ilipita kabla ya dunia kukubali. Mwaka wa 1989 kijidudu kilipewa jina la Helicobacter pylori. Mwaka wa 1994 jopo la wataalamu wa Marekani lilitangaza ya kuwa mwenye kidonda na kijidudu hicho apewe dawa za kukiua, na mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani, kwa idara yake ya saratani, likakiandika miongoni mwa visababishi vya saratani ya tumbo. Warren na Marshall walipewa Nishani ya Nobel mwaka wa 2005. Dawa ya kuua bakteria ilikuwapo tangu miaka ya 1940, Lykoudis aliitumia, na katika miaka hiyo yote watu walikuwa wakikatwa matumbo.

Haifai kutoka katika kosa moja na kuingia katika la pili, tukasema ya kuwa bakteria ndiye chanzo pekee. Karibu nusu ya watu wa dunia wamekuwa naye tumboni, wengi tangu utoto, na wengi hawapati kidonda kamwe. Tena kuna chanzo kingine kinachouzwa katika kila duka la mtaani, nacho ni aspirini na dawa za jamii yake zitumiwazo kuondoa maumivu ya mgongo na viungo. Dawa hizo huondoa maumivu kwa kuzuia kitu ambacho tumbo pia hukihitaji kutengeneza ute wake. Mzee anayezimeza kila siku kwa ajili ya magoti aweza kujipatia kidonda pasipo bakteria yeyote. Nayo omeprazoli haikutupwa. Imo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani, na wenye kiungulia kikali huhitaji dawa za aina hiyo. Ubaya ni kuimeza mwaka baada ya mwaka bila kupimwa, maana huyatuliza maumivu huku kijidudu kikiwa palepale, na mtu akiiacha ghafla asidi huweza kurudi kwa wingi kuliko mwanzo.

Kupima siku hizi si lazima kuingizwa mpira kooni. Mgonjwa hunywa urea iliyotiwa alama, kisha hupuliza pumzi yake katika mfuko. Bakteria akiwamo huivunja urea, na alama huonekana katika pumzi. Akiwa naye, hupewa omeprazoli au mwenzake pamoja na dawa mbili za kuua bakteria, aghalabu kwa siku 14. Asidi hutulizwa ili dawa zile zipate kufanya kazi. Vidonge ni vingi, vinachafua tumbo, na wengi huacha siku ya tano au ya sita wanapoona nafuu. Kwa sababu hiyo na nyinginezo, bakteria amejifunza kuistahimili klarithromisini, iliyokuwa tegemeo kubwa, na mwaka wa 2017 Shirika la Afya Duniani lilimtia katika orodha ya bakteria wanaohitaji dawa mpya. Madaktari katika nchi nyingi wameongeza dawa ya nne. Ni bismathi, madini ambayo madaktari wa Ulaya walikuwa wakiwapa wagonjwa wa tumbo tangu karne ya 18, kabla ya Prout kuipima asidi, nao hawakujua ya kuwa inaua kitu.